MZEE NYUMBANI NA VIFAA VYAKE: NANI ALIPE?



Safari hii tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi zimetuuliza kwa barua na hata kwa mdomo baada ya Misa. Jambo lenyewe ni vifaa vya mgonjwa vinavyohitajika nyumbani: magongo, kiti cha magurudumu, kitanda cha kuinuka, mashine ya oksijeni. Mgonjwa akiwa hospitalini vifaa hivi vipo, wala hakuna anayevifikiria. Siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani ndipo swali linapoanza: nani alipe?

Kilichotusukuma kuandika ni barua ya mama mmoja wa parokia yetu. Mume wake, fundi seremala mstaafu, alimfuata binti yao Marekani akiwa na miaka 63. Walipofika mwaka wa saba, mzee alipata kiharusi na upande wa kulia ukalegea. Mama anasema hospitali ya huko ilimtibu vizuri, na bima ya wazee ya nchi ile ililipa sehemu kubwa. Aliporudi nyumbani bima ikamlipia fremu ya chuma ya kushikilia wakati wa kutembea. Lakini familia ilipoomba kiti cha magurudumu, jibu lilikuwa hapana. Sababu? Mzee anaweza kujikokota kwa fremu kutoka kitandani hadi chooni, na kutoka chooni hadi mezani. Kwa hiyo, kwa mujibu wa bima, ndani ya nyumba anajiweza. Kwamba hawezi kufika kanisani, sokoni, wala kwa jirani aliyefiwa, hilo bima haikuliuliza.

Mama anamalizia hivi: "Mume wangu hajatoka mlangoni kwa miezi mitano. Je, hiyo ni haki?"

Tumelitafakari swali hilo. Kabla ya kulijibu, inafaa kwanza tueleze bima hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu wasomaji wetu wengi wana ndugu huko, na pia kwa sababu kuna mambo ya kujifunza kwa ajili yetu wenyewe.

BIMA HIYO NI NINI?

Bima ya wazee ya Marekani inaitwa Medicare. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, jimbo la Missouri. Kadi ya kwanza alipewa Rais mstaafu Harry Truman, ambaye miaka mingi kabla ya hapo alijaribu kuleta bima ya afya ya taifa akashindwa. Huduma zilianza tarehe 1 Julai 1966. Bima hii ni ya watu wenye miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya walemavu na wagonjwa wa figo walio chini ya umri huo.

Medicare ina sehemu kadhaa. Sehemu A hulipia zaidi kulazwa hospitalini. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo, na hivi vifaa vya nyumbani tunavyovizungumzia. Sehemu B ina mchango wa kila mwezi, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 185 kwa watu wengi. Kwa kawaida kiasi hicho hubadilishwa kila mwaka.

Ili kifaa kilipiwe ni lazima kitimize masharti haya: kiwe kigumu cha kudumu, kinachotarajiwa kutumika kwa miaka 3 au zaidi, kiwe cha matibabu, kiwe ni kitu ambacho mtu mzima wa afya hana haja nacho, na kiwe cha kutumika nyumbani. Sheria yenyewe inataja kwa majina mapafu ya chuma waliyowekwa ndani yake wagonjwa wa polio zamani, hema la oksijeni, kitanda cha hospitali, na kiti cha magurudumu. Orodha ya leo ni ndefu zaidi: mikongojo, magongo, vipimo vya sukari, nebulaiza kwa wenye pumu, mashine za kumsaidia mtu kupumua usingizini, na kadhalika.

HESABU YAKE

Watu wengi wa kwetu hudhani kwamba ukiwa na bima huko umemaliza. Sivyo. Kila mwaka mgonjwa hujilipia mwenyewe kiasi cha kwanza, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Akishavuka hapo, bima hulipa asilimia 80 ya bei iliyoikubali yenyewe, na mgonjwa hulipa asilimia 20.

Tuchukue mfano. Kifaa kina bei iliyokubaliwa ya dola 500, na mgonjwa hajatumia chochote tangu mwaka uanze. Atalipa kwanza dola 257. Zinabaki 243. Katika hizo atalipa asilimia 20, yaani dola 48 na senti 60. Jumla yake ni dola 305 na senti 60, na bima italipa dola 194 na senti 40 tu. Lakini kama alikwisha kulipa kile kiasi cha kwanza kwa matibabu mengine, atalipa dola 100 na bima italipa 400. Basi kifaa ni kilekile, lakini mzigo unatofautiana kufuatana na gharama alizokwisha kulipa mwaka huo.

Tena, katika Medicare ya kawaida, ile asilimia 20 haina kikomo kwa mwaka. Mgonjwa wa vifaa vingi hulipa sehemu yake katika kila kimoja. Ndiyo maana wengi hununua bima ya nyongeza, na walio maskini sana husaidiwa na mpango mwingine uitwao Medicaid. Wengine hujiunga na mipango ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya kawaida. Mipango hiyo ina kikomo cha gharama kwa mwaka, lakini mara nyingi humlazimisha mgonjwa kutumia wauzaji wake na kuomba ruhusa kwanza.

Aidha, vifaa vikubwa havinunuliwi mara moja, bali hukodishwa. Kiti cha magurudumu cha kawaida au kitanda hulipiwa kodi kila mwezi. Baada ya miezi 13 mfululizo kinakuwa mali ya mgonjwa. Mashine ya oksijeni hulipiwa kwa miezi 36, na baada ya hapo muuzaji analazimika kuendelea kuiacha kwa mgonjwa na kuitunza hadi miaka 5 itimie, ilimradi bado inahitajika.

TUNACHOKISIFU

Tuseme ukweli: kuna hekima kubwa katika mpango huu. Watunga sheria wa mwaka 1965 walitambua kwamba ugonjwa hauishii kwenye lango la hospitali. Mtu mwenye mapafu mabovu anaihitaji oksijeni usiku akiwa kitandani kwake kama alivyoihitaji wodini. Kwa hiyo mashine ile imehesabiwa kuwa ni dawa, sawasawa na vidonge. Mgonjwa ambaye kipimo kinaonyesha oksijeni katika damu imeshuka hadi asilimia 88 au chini yake anaweza kupewa mashine nyumbani, na familia yake haiuzi shamba wala ng'ombe kwa ajili hiyo. Hili ni jambo jema, na sisi tunaomjua mtu aliyerudishwa nyumbani bila oksijeni kwa sababu ya umaskini tunaelewa uzito wake.

Kadhalika, utaratibu wa kukodisha una akili. Wagonjwa wengi huhitaji kitanda kwa miezi michache tu. Hakuna sababu ya kukinunua na kukiacha kijae vumbi.

TUNACHOKILAUMU

Hata hivyo, tunaona makosa mawili makubwa.

La kwanza ni bafuni. Medicare ya kawaida hailipii vyuma vya kushikilia vinavyopigiliwa ukutani, wala kiti cha kuogea, wala kile kiti cha kuinua choo kiwe juu kidogo. Vinahesabiwa kuwa ni vitu vya starehe, si vya matibabu. Lakini kama mgonjwa hawezi kutoka chumbani kwake, bima hiyohiyo inaweza kulipia kiti chenye ndoo cha kujisaidia kando ya kitanda! Maana yake, mzee anayejitahidi kufika chooni kwa miguu yake hapewi kitu, na aliyeshindwa kabisa ndiye anayesaidiwa. Kila muuguzi anajua kwamba wazee huanguka bafuni, kwenye maji na sabuni. Mzee akivunjika nyonga, bima italipa upasuaji, kulazwa na mazoezi ya viungo, gharama ambazo ni mara nyingi zaidi ya bei ya chuma kimoja na skrubu zake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunaona ufa unaachwa makusudi na fedha za ukuta zinatengwa.

Nepi za watu wazima nazo hazilipiwi, wala vifaa vya kusaidia kusikia. Familia hubeba zenyewe.

Kosa la pili ndilo lile la barua ya mama yetu. Sheria inasema kifaa kiwe cha kutumika "nyumbani". Neno hilo moja limefasiriwa kwa ufinyu. Ili upewe kiti cha magurudumu ni lazima ionekane kwamba bila hicho huwezi kula, kuvaa, kuoga, au kwenda chooni ndani ya nyumba, na kwamba mkongojo au fremu haitoshi. Kama hitaji lako ni la kutoka nje tu, hupewi.

Wenye kuitetea kanuni hii wana hoja yao, nasi hatuidharau. Wanasema fedha ni za umma. Wakifungua mlango, kila mzee aliyechoka magoti atataka kiti cha umeme, na wauzaji wenye tamaa watavisukuma. Hofu hiyo si ya bure. Mwezi Aprili 2019 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu 24, wakiwamo wakuu wa kampuni na madaktari, kwa udanganyifu wa mikanda ya mgongo, mabega na magoti uliokadiriwa kuigharimu Medicare zaidi ya dola bilioni 1.2. Wazee walipigiwa simu na kuahidiwa mikanda ya bure, daktari asiyewahi kuwaona akaweka sahihi, na bima ikatozwa. Basi ni kweli kwamba mahali penye fedha za wagonjwa pana fisi.

Lakini sisi tunasema: dawa ya fisi ni kumfukuza fisi, si kumfungia kondoo zizini. Mwizi aliyeandika hati za uongo alitumia kalamu ya daktari, si miguu ya yule fundi seremala. Kama tatizo ni hati za uongo, zikaguliwe hati. Na kweli wanazikagua: kwa kiti cha umeme, kwa mfano, daktari anatakiwa awe amemwona mgonjwa ana kwa ana katika miezi 6 kabla ya kuandika. Ukaguzi wa namna hiyo tunaukubali. Tusichokubali ni kusema kwamba maisha ya mtu mzee yanaishia kwenye kizingiti.

Mtu hawi mzima kwa sababu tu amekula, amevaa na ameenda haja. Mzee asiyetoka huacha kupata jua, misuli yake inazidi kulegea, na moyo wake unaingiwa na huzuni. Kuhudhuria msiba wa rafiki, kukaa barazani na wenzake, kwenda kusali, haya ni sehemu ya afya yake. Kwa hiyo jibu letu kwa mama ni hili: bima ilifuata kanuni yake, lakini kanuni yenyewe si ya haki, na inafaa ibadilishwe.

KWA WENYE WAZAZI HUKO

Wakati kanuni bado ni hiyo, tunawashauri ndugu na watoto walioko Marekani yafuatayo:

1. Mwelezeni daktari kwa ukamilifu. Haitoshi aandike kwamba mzee "anahitaji kiti". Aandike mzee anashindwa nini ndani ya nyumba: je, huanguka akienda chooni usiku? Je, mkono uliopooza unaweza kuishika fremu? Wazee wetu wana desturi ya kujibu "sijambo" hata wakiwa na maumivu. Mbele ya daktari desturi hiyo huwaponza. Semeni ukweli wote, bila kuuongeza chumvi.

2. Mwulizeni muuzaji maswali mawili kabla ya kupokea kifaa: je, umesajiliwa na Medicare? Je, unaikubali bei ya Medicare kuwa ndiyo malipo kamili? Kama hakusajiliwa, bima haitalipa hata senti. Kama amesajiliwa lakini haikubali bei ile, anaweza kudai zaidi, na mzigo wa ziada ni wenu. Familia ya mama yetu ilijifunza hili kwa machungu katika ile fremu, kwani muuzaji wa kwanza hakuwaeleza, wakaja kuletewa ankara baadaye.

3. Mkikataliwa, msikate tamaa. Kuna haki ya kukata rufaa, na siku zake ni 120 tangu mlipopokea taarifa ya uamuzi. Rufaa ina ngazi tano. Tunzeni kila karatasi.

4. Kila jimbo lina washauri wa bure wa mambo ya Medicare, waliowekwa na serikali kusaidia wazee. Watafuteni kabla ya kumlipa mtu yeyote awasaidie.

5. Mtu akipiga simu na kuahidi kifaa cha bure ili mradi mzee amtajie namba ya kadi yake, kateni simu.

6. Mzee aliyekwenda kutembelea tu kwa viza hana Medicare. Aliyehamia kihalali na kupewa ukaazi wa kudumu anaweza kujiunga na Sehemu B akiwa na miaka 65 na akiwa amekaa huko miaka 5 mfululizo, kwa kulipa mchango wake. Akichelewa bila sababu inayokubalika, mchango huongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliouchelewesha.

7. Anayepanga kurudi kuzeekea nyumbani ajue kwamba kwa kawaida Medicare hailipii matibabu wala vifaa nje ya Marekani. Kiti ambacho kimekwisha kuwa mali yake anaweza kuja nacho. Kipya hakitalipiwa huku.

NA SISI JE?

Tusiishie kuwanyoshea wengine kidole. Hapa Tanzania Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jirani zetu Kenya nao walianza mfumo mpya wa bima ya jamii tarehe 1 Oktoba 2024. Mazungumzo mengi yanahusu michango, hospitali na dawa. Ni sawa. Lakini ni mara ngapi tumesikia mtu akiuliza kuhusu magongo ya bibi? Nani ameuliza kuhusu oksijeni ya nyumbani, au godoro la kuzuia vidonda kwa aliyelala miezi sita?

Sisi tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila tunapokutana na viongozi na wahusika wa bima, tuulize wazi: vifaa vya nyumbani vimo katika kitita, au havimo? Vipi, na kwa kiasi gani? Pili, tuombe kwamba neno "nyumbani" lisije likaandikwa kwetu kwa maana ya kuta nne. Kwa mzee wa kijijini, nyumbani ni pamoja na uani, barazani, njia ya kisimani na ya kanisani. Kiti chenye matairi membamba ya sakafu ya hospitali hakimfai mtu wa njia ya mchanga na mawe. Nalo hilo liangaliwe. Tatu, vyuma vya bafuni na chooni vihesabiwe kuwa kinga, kama chanjo zinavyohesabiwa.

Wakati tunasubiri, kuna jambo tunaloweza kulianza bila sheria yoyote. Katika nyumba nyingi za parokia yetu kuna magongo nyuma ya kabati, fremu iliyoachwa na marehemu, kiti cha magurudumu kinacholaliwa na kuku. Huko Marekani kwenyewe baadhi ya makanisa na vyama vya kujitolea hutunza stoo za vifaa vya kuazimisha, kwa ajili ya wale ambao bima imewakataa. Kila jumuiya ndogondogo inaweza kuorodhesha vifaa vilivyopo. Fundi baiskeli wa mtaa akaze skrubu na kubadilisha matairi, na katibu aandike daftari la nani kaazima nini. Vioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumfikia mwingine. Mashine za oksijeni tusizichanganye humo. Hizo zinahitaji mtaalamu.

Tulipokuwa tunaumalizia ukurasa huu, mama yetu alituletea habari. Wanajumuiya wa Kiafrika wa mji ule walichanga, wakapata kiti kilichotumika katika stoo ya namna hiyo. Jumapili iliyofuata fundi seremala alipelekwa kanisani. Binti anasema baba yake hakusema mengi. Aliposhushwa kwenye gari aliomba asimamishwe kwanza mlangoni, akaikagua milango ile ya mbao kwa mkono wake mzima, akasema imepigwa randa vibaya.

Tunawatakia afya njema, nyinyi na wazee wenu.